Nguo tunaiosha mara saba, na jeraha la mbwa je?

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tutajifunza juu ya mbwa, twahara na ugonjwa. Somo hili limeletwa na swali la mtoto.

Nilikwenda Dar es Salaam kumsalimia dada yangu. Jioni moja tukatoka na watoto hadi ufukwe wa Oysterbay, ambao wengi wanauita Coco Beach. Tukakuta mbwa wawili wamefunguliwa minyororo na wenyewe, wanakimbia mchangani, wanaingia baharini na kutoka. Mmoja akaja hadi karibu yetu akajikung'uta, maji yakamrukia mpwa wangu wa miaka 10. Mtoto aliruka kama aliyeungua. Akaniuliza: "Mjomba, udhu wangu umetenguka? Na nguo hii niitupe?"

Kwetu Kilimatinde bahari hatuna, lakini mbwa wasiofungwa tunao kila siku. Wanafuata ng'ombe machungani, wanakunywa nao lamboni, usiku wanazurura majalalani. Kwa hiyo swali la mpwa wangu ni letu sote.

Hukumu ya twahara

Sisi wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi tumesomeshwa kuwa mbwa ni najisi nzito. Msingi wake ni Hadith ya Abu Huraira (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) ameagiza chombo alichokitia mbwa ulimi kioshwe mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Kutokana na hapo tushike mambo manne:

1. Kuguswa na mbwa hakutengui udhu. Unaosha pale palipoguswa tu, kisha unaswali kwa udhu wako uleule.

2. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, hakuna cha kuosha.

3. Pakiwa na majimaji, kama yale ya mpwa wangu, unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Nguo haitupwi.

4. Maji mengi kama bahari hayanajisiki kwa mbwa kuoga humo. Na mchanga usioujua kuwa umenajisika unabaki twahara, kwani yakini haiondolewi na shaka. Tandika mkeka wako uswali.

Tukumbuke pia kuwa Imam Malik anahesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Ukimwona ndugu yako Mwislamu hafanyi kama wewe, usiharakie kumgombeza.

Hatari ya mchangani

Mbwa waliofunguliwa hujisaidia popote. Kinyesi cha mbwa mwenye minyoo ya safura huacha mayai kwenye mchanga wenye unyevu, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku au anayekaa chini. Huonekana mstari mwekundu uliopindapinda, unaosogea kidogo kidogo na kuwasha sana, hasa usiku. Wengine hudhani ni uchawi. Sio uchawi, ni minyoo, na dawa ipo katika vituo vya afya. Kinga yake ni kuvaa ndala, kukalia mkeka, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kilichonifanya niandike

Hayo yote ni madogo mbele ya hili ninalotaka kulieleza.

Miaka ya nyuma nilipokuwa zamu, aliletwa mtoto wa madrasa wa miaka 9. Alikuwa na homa, anahangaika, na kila alipopewa kikombe cha maji koo lilimkaza akakisukuma. Ndugu zangu, dalili hizo zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakumaliza siku tatu.

Tulipomuuliza mama yake kama mtoto aliumwa na mbwa, alisema hapana. Kisha akakumbuka kuwa kiasi cha miezi miwili nyuma alimkuta uani akifua kanzu yake kwa udongo. Alipomuuliza, mtoto alisema mbwa amemgusa. Mama alifurahi kuona mwanawe anajua dini yake. Mguuni tulikuta kovu dogo la meno. Mtoto alikuwa ameonywa mara nyingi asikaribie mbwa, akaogopa fimbo, akanyamaza. Kanzu aliiosha mara saba. Mguu hakuuosha kwa sabuni hata mara moja, wala hakuna aliyejua kuwa anahitaji sindano.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu sisi tuliosomeshwa na tunaosomesha. Tumewafundisha watoto kuogopa mate ya mbwa kwenye nguo, hatukuwafundisha kuyaogopa kwenye jeraha. Mate kwenye nguo ni suala la twahara, utaosha na yamekwisha. Mate kwenye jeraha ni suala la uhai.

Ukiumwa na mbwa

Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 10, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Virusi vyake hukaa kwenye mate na huingia kwa kung'atwa, kwa kuparuzwa, au kwa kulambwa penye kidonda. Husafiri polepole kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu. Muda huo ndio nafasi yetu ya kuokoa maisha. Fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Kata ya maji ikimiminwa na mtu mwingine inatosha.

Pili, usitie udongo, majivu wala majani ndani ya jeraha. Udongo huleta pepopunda. Dini haikumtaka majeruhi ajidhuru. Namna ya kutwaharisha penye jeraha utamuuliza sheikh wako baadaye.

Tatu, nenda hospitali siku hiyohiyo upate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Kama siku zimepita, nenda vilevile. Rudi kila tarehe utakayopangiwa, usiache njiani.

Nne, mbwa akiwa anajulikana, asiuawe haraka. Afungwe, mtaalamu wa mifugo apewe taarifa, na aangaliwe kwa siku 10.

Wajibu wa mwenye mbwa

Uislamu umeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Qur'an katika Suratul Kahf imemtaja mbwa aliyekuwa na vijana wa pangoni. Na katika Hadith sahihi tunaelezwa juu ya mwanamke kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo kumpiga mawe mbwa anayejipitia sio ucha Mungu, na mbwa anayepigwa ndiye anayeuma.

Mwenye kumfuga amchanje kila mwaka. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ushahidi tunao hapa hapa Tanzania. Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, mbwa walichanjwa na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 uliingia tena, wakachanjwa kwa wingi, na mwaka 2018 ukaondoka. Wenzetu wale hawakuona kuwa kumhudumia mbwa ni aibu.

Nasaha yangu kwa wazazi na walimu wa madrasa ni hii. Leo hii mwambie mtoto: "Mbwa akikuuma njoo uniambie, sitakupiga." Akija, shika sabuni kwanza. Kanzu itasubiri.

Mpwa wangu nilimwosha mara saba, moja kwa udongo, tukaswali Magharibi. Lakini kabla ya kuanza kumwosha nilimkagua miguu na mikono, nione kama pana alama ya jino.

Wabillahi Tawfiq.