Somo: Mtoto Asiache Kusoma Shule Zikifungwa

Jembe lililolima msimu mzima, likilazwa penye unyevu miezi minne, hushika kutu. Mtoto naye aliyefundishwa kusoma, kisha akakaa miezi mingi pasipo kitabu, hupungukiwa. Basi na tuliangalie jambo hili kwa utaratibu.

1. Hasara ya miezi mitupu

Huko Marekani shule hufungwa wakati wa majira ya joto, kama miezi miwili au zaidi. Bibi mmoja mtaalamu, Barbara Heyns, aliwachunguza watoto wa mji wa Atlanta, akatoa kitabu chake mwaka 1978. Aliona ya kuwa shule zikiwa wazi, mtoto wa maskini na mtoto wa tajiri huendelea kwa mwendo usiopishana sana. Bali zikifungwa, ndipo mmoja amwachapo mwenziwe nyuma. Wataalamu waliofuata wamebishana juu ya ukubwa wa tofauti hiyo. Walakini Heyns aliona na neno hili: katika mambo yote wafanyayo watoto wakati wa likizo, kusoma vitabu ndiko kulikoambatana zaidi na maendeleo yao.

2. Jambo hili kwetu Tanzania

Mtoto amalizaye shule ya msingi hufanya mtihani mwezi wa Septemba, naye huanza kidato cha kwanza Januari. Miezi hii si likizo tu, ni kivuko. Walio wengi wametoka katika madarasa yafundishayo kwa Kiswahili, nao wataingia katika madarasa yafundishayo kwa Kiingereza. Mwenye fedha humlipia mwanawe masomo ya maandalizi. Asiye nazo, mwanawe huchunga mbuzi au huuza karanga, hata maneno machache ya Kiingereza aliyoyapata yanamtoka. Januari wote wawili huketi dawati moja, mbele ya mwalimu mmoja. Je, watasikia sawasawa?

3. Maktaba iliyo ndani ya simu

Zamani tungaliweza kusema, "Vitabu viko mbali." Siku hizi maktaba yaweza kufika nyumbani kwa njia ya simu, nayo haidai ada. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni African Storybook, iliyofunguliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Humo mna hadithi fupi zenye picha, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kiingereza zikiwamo. Ya pili ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Ya tatu ni Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart huko Marekani mwaka 1971. Ina vitabu zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza na vya zamani. Hiyo yawafaa zaidi wanafunzi wakubwa na walimu.

4. Namna ya kufanya

Kwanza, pakueni hadithi kadhaa siku moja penye mtandao mzuri, kisha zisomwe nyumbani pasipo kununua bando kila siku.

Pili, mtoto asome hadithi kwa Kiswahili kwanza, kisha hadithi ile ile kwa Kiingereza. Akijua habari yenyewe, maneno mageni hayamtishi. Na aandike maneno matano mapya katika daftari kila siku.

Tatu, wekeni saa. Nusu saa jioni yatosha, maana haba na haba hujaza kibaba. Asome kwa sauti. Mzazi asiyejua kusoma asione haya, na asikilize, kisha aulize, "Ikawaje?" Mtoto asimuliaye vema amesoma vema.

Nne, simu ina michezo na picha nyingi za kumvuta mtoto. Basi asiachiwe peke yake. Mtandao uzimwe, na mkubwa akae karibu.

Tano, nyumba isiyo na simu ya kufungua vitabu isisahauliwe. Hadithi za African Storybook zina ruhusa ya kuchapwa kwenye karatasi. Mwalimu mmoja akichapa hadithi kumi, watoto wa mtaa mzima waweza kupokezana.

Ndugu walimu na wazazi, mtihani ukiisha msiseme, "Sasa apumzike na vitabu." Apumzike na fimbo ya saa na kengele, lakini kitabu asikiache.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini miezi ya kungoja kidato cha kwanza ni ya hatari kuliko likizo nyingine?
2. Katika mtaa wenu, ni watoto wangapi wamemaliza shule ya msingi mwaka huu, na ni nani kati yao asiye na kitabu wala simu nyumbani?
3. Ni nani atakayewapakulia au kuwachapia hadithi, na lini?