SOMO LA MAKATIBU: KUBADILI ENEOKAZI LA KOMPYUTA YA CHAMA

Vyama vingi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika, kama zile zipatikanazo Kariakoo. Tangu utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, baadhi ya vyama vimegeukia Linux, ambayo haina ada. Programu huria si ngeni Dar es Salaam: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Yafaa katibu atofautishe mambo mawili. Mfumo endeshi ni kama ghala la duka. Eneokazi, yaani sura ionekanayo kwenye skrini, ni kama kaunta. Kaunta yaweza kubadilishwa bila gunia hata moja kuhamishwa ghalani. Eneokazi la kawaida la Ubuntu ni GNOME, ambalo huhitaji memori nyingi. Xfce, lililoanzishwa mwaka 1996, ni jepesi zaidi, na huifaa kompyuta kongwe.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Daftari la wanachama, akiba na mikopo linakiliwe kwenye flashi mbili, na moja ikae kwa mweka hazina.

2. Katika Ubuntu, kompyuta ikiwa kwenye intaneti, kifunguliwe kidirisha cha amri na kuandikwa: sudo apt install xfce4

3. Kazi ikiisha, katibu atoke. Achague jina lake, abonyeze alama ya gurudumu chini ya skrini, achague Xfce, kisha aandike neno la siri.

4. Lifunguliwe daftari, na jumla ya akiba ilinganishwe na ile ya kitabu.

GNOME isifutwe. Eneokazi jipya lisiporidhisha, katibu atarudi kwa njia ile ile ya gurudumu.

Kazi hii isifanywe siku za kufunga hesabu, wala isifanywe na katibu peke yake kwa siri. Daftari ni mali ya wanachama. Likikosa kufunguka siku ya mikopo, anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mwanachama, si kompyuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nakala za daftari la chama zinakaa wapi, na kwa nani?

2. Katibu akiugua, nani mwingine aweza kuifungua kompyuta?