SOMO LA BIASHARA: Chama cha wenye viwanda vidogo vya nguo kinabeba nini, na nani analipa?

Mwenye kiwanda kidogo cha nguo hukabiliwa na mabadiliko ya aina mbili. Yapo anayoyaweza mwenyewe, kama vile kubadili mshono, kununua cherehani ya kisasa au kutafuta mteja mwingine. Yapo pia yanayozidi mtaji wake: maji, mafunzo ya mafundi, sheria za mazingira na masharti ya wanunuzi wa ng'ambo. Kazi ya chama cha biashara huanzia hapo.

Mji wa Tiruppur, katika jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, ni mfano mzuri wa faida na hasara za chama. Mji huo unajulikana kwa fulana za pamba. Kazi imegawanyika: huyu anafuma kitambaa, yule anatia rangi, mwingine anachapa maua, mwingine anakata na kushona. Wengi ni wadogo na hufanya kazi kwa oda.

Mwaka 1990 wauzaji wa nje wa mji huo walianzisha chama chao. Tatizo kubwa lilikuwa maji. Eneo hilo ni kavu, na viwanda vya kutia rangi vilinunua maji ya malori. Mwaka 1995 chama kiliungana na shirika la serikali ya jimbo na taasisi ya fedha kuunda kampuni ya maji. Mradi ulipangwa kutoa lita milioni 185 kwa siku, kwa viwanda na wakazi. Hakuna mtia rangi mmoja ambaye angeweza kuvuta bomba hilo peke yake.

Chama kilishiriki pia kuanzisha chuo cha ufundi wa nguo za aina hiyo, na hukaa mezani na vyama vya wafanyakazi kupatana viwango vya mishahara vya mji mzima. Mambo hayo yalikuwa na maana zaidi baada ya Januari 1, 2005, ulipokwisha mfumo wa dunia ulioruhusu nchi tajiri kuweka kikomo cha nguo zinazoagizwa kutoka kila nchi. Tangu hapo mshonaji wa Tiruppur alishindana na China moja kwa moja.

Gharama iliyoahirishwa

Maji yakiingia hutoka, na ya viwanda vya rangi hutoka na chumvi na kemikali. Kwa miaka mingi yalimwagwa katika mto Noyyal, na mashamba ya chini ya mto yakaharibika. Wakulima nao waliungana wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda visitoe hata tone la maji machafu. Amri haikutekelezwa kikamilifu, na Januari 2011 mahakama ilifunga viwanda zaidi ya 700 vya kutia rangi na kupausha. Waliojitahidi na waliozembea walifungwa pamoja, na washonaji wakahangaika kutafuta kitambaa chenye rangi.

Kazi ilirudi polepole kwa kutumia mitambo ya pamoja. Viwanda vingi vidogo huunganishwa kwa mabomba na mtambo mmoja. Maji huchujwa, chumvi hutengwa, na maji safi hurudi kiwandani. Serikali ya jimbo ilisaidia kwa mkopo usio na riba.

Hesabu ya ushirika

Tuseme mtambo unagharimu shilingi milioni 100 na wanachama ni 50. Kila mmoja atachanga milioni 2. Wakijitoa 10 kabla ya kulipa, waliobaki 40 watachanga milioni 2.5 kila mmoja. Gharama ya mtambo haipungui kwa sababu watu wamepungua. Kwa hiyo nguvu ya chama hupimwa kwa uwezo wake wa kukusanya michango na kumbana asiyelipa, wala si kwa wingi wa majina katika daftari.

Mfanyabiashara anayetaka kujiunga na chama, au mwekezaji anayetaka kuweka fedha katika kiwanda ambacho ni mwanachama, anafaa kuuliza maswali matatu. Kwanza, chama kinamiliki kitu gani cha pamoja ambacho mwanachama hawezi kukipata peke yake? Pili, michango hutozwa kwa kiwango gani, na mdogo ana kura sawa na mkubwa? Tatu, ni gharama ipi inayojulikana lakini bado haijalipwa?

Swali la tatu ndilo husahauliwa mara nyingi. Huko Tiruppur uchafu wa mto ulionekana miaka mingi kabla ya milango kufungwa. Gharama ya namna hiyo haiandikwi katika hesabu za mwaka, lakini siku ya kulipwa huja kwa wanachama wote kwa pamoja.