Samaki na Maji Safi

Mvulana mmoja alifuga perege wadogo sita katika sanduku la kioo. Maji yalipopungua kwa joto, aliongeza ya kisimani. Baada ya miezi michache aliona ukoko mweupe kiooni, akadhani ni uchafu. Basi akamwaga maji yote, akatia maji ya mvuke, yaani yale yapatikanayo kwa kuchemsha maji na kuupoza mvuke wake katika chombo kingine. Asubuhi perege wawili walikuwa wamekufa, na wengine wamelala ubavu.

Akakimbia kwa mwalimu wake. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, ukoko ule ni chumvi za ardhini. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma. Mwili wa samaki una chumvi kuliko maji ya mtoni, kwa hiyo maji humwingia daima kwa matamvua yake. Huyatoa kwa mkojo, na chumvi kidogo hutoka pamoja nayo. Kisha huvuta nyingine majini kwa matamvua yayo hayo. Katika maji yasiyo na chumvi, ataipata wapi? Tena maji hayo huchachuka upesi kwa taka za samaki, maana hayana chumvi za kuuzuia ukali huo."

Mvulana akauliza, "Je, maji ya mvuke hayafai kabisa?"

"Yanafaa kwa kiasi," akajibu mwalimu. "Maji yakipungua kwa joto, ongeza ya mvuke, kwa kuwa chumvi zimebaki humo. Lakini ukiondoa maji machafu, tia ya kisima, au uyachanganye na ya mvuke. Wala usibadili zaidi ya robo kwa mara moja, kwa sababu badiliko la ghafula huua. Tena ujue asili ya samaki wako: wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji yenye chumvi nyingi za ardhini, bali wa mto Rio Negro, Amerika ya Kusini, huishi katika maji yanayokaribia ya mvua."

Mvulana akarudi, akaongeza maji ya kisima kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe. Hata jioni, perege watatu walikuwa wakiogelea, mmoja hakupona.

Maswali
1. Ukoko mweupe ulitoka wapi?
2. Kwa nini samaki huhitaji chumvi majini?
3. Maji ya mvuke hutumiwa lini bila hatari?