Fundi Kapiga Windows, Mdudu Karudi

Leo nimeweka pembeni barua za mawifi na za wachumba wasiotaka kutoa mahari. Kuna mdogo wangu mmoja, muuza mitandio na madera mtandaoni, kaniandikia jambo ambalo najua limewapata wengi wenu ila mmelinyamazia. Laptopu ya nyumbani, anayoitumia yeye, mumewe na watoto, ilianza kufungua kurasa ambazo hakuna aliyeziita. Mara ukurasa wake wa Instagram ukatekwa, wateja wakawa wanapewa namba ya malipo isiyo yake. Akapeleka laptopu kwa fundi, fundi akapiga Windows upya, akachukua hela yake, akasema sasa ni mpya kabisa. Haukupita muda, yale yale yakarudi. Anauliza kama kuna mtu kamfanyia kitu.

Hujarogwa, mdogo wangu. Umerudishiwa mdudu wako mwenyewe, na huenda fundi kakuongezea wa pili.

Mdudu wa siku hizi hana haja ya kukuharibia mafaili. Programu ya kijasusi hukaa kimya, husoma unachoandika, hupekua kivinjari na kuzoa nywila zote ulizokubali zihifadhiwe humo, kisha huzituma kwa bwana wake. Nyingine humaliza kazi kwa dakika chache na kujifuta zenyewe. Kwa hiyo hata fundi angekuwa hodari vipi, laptopu ingerudi safi huku nywila zako ziko kwa mwizi tangu wiki iliyopita. Hapo ndipo wengi mnapokosea mpangilio: mnakimbilia kusafisha mashine, mnaacha kilichoibwa kiendelee kutumika.

Anza hivi. Zima Wi-Fi ya laptopu, kama inatumia waya chomoa, iache hapo. Chukua simu yako, au kompyuta ya mtu unayemwamini, ubadilishe nywila ukiwa huko. Usithubutu kubadilisha ukiwa kwenye laptopu yenye mdudu, maana utakuwa unamsomea nywila mpya kwa sauti. Tangulia na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine zote zikitaka kubadilishwa nywila hutuma ujumbe huko. Mwenye barua pepe yako ana kila kitu. Fuata benki, kisha Instagram, Facebook na mengineyo. Kila unapopita, tafuta sehemu inayoonyesha vifaa vilivyoingia kwenye akaunti hiyo, uviondoe vyote. Hili watu hulidharau. Kivinjari huhifadhi vidakuzi, vinavyofanya usiulizwe nywila kila ukifungua ukurasa. Ni kama ule utepe wa mkononi wanaokufunga ukumbini: ukishakuwa nao, mlangoni hawakuulizi kadi tena. Mwizi akiunakili, anaingia bila nywila na bila ile namba ya uthibitisho unayotumiwa kwa simu. Ukiviondoa vifaa vyote, utepe wa zamani hauna kazi. Baada ya hapo washa uthibitisho wa hatua mbili kila unapopatikana. Kwenye barua pepe kagua pia kama hakuna anwani ya kigeni iliyowekwa ili ipelekewe nakala za barua zako. Wajanja hupenda kuacha kitu hicho nyuma.

Sasa turudi kwa fundi. Sina ugomvi na mafundi, wengine ni watu wa maana sana na wanatulishia vijana mitaani. Lakini kaa naye siku moja umtazame. Anachomeka flashi yake iliyojaa programu, anaweka Windows, halafu anafungua folda yenye kiwezeshaji cha kuidanganya Windows ione imelipiwa. Kabla hajakibofya, anazima Defender, kinga inayokuja na Windows yenyewe, kwa sababu asipoizima itakikamata na kukifuta. Angalia vizuri hapo: kinga imepiga kelele, imenyamazishwa, na programu isiyojulikana ilikotoka imepewa mamlaka yote juu ya mashine yako. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi bandia cha KMSPico, kiwezeshaji maarufu, kilivyokuwa kinabeba Cryptbot, mdudu wa kuiba nywila za kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mwenye kukiweka hupata alichotaka, Windows inaonekana imelipiwa, hivyo hana sababu ya kushuku.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mara nyingi kiwezeshaji hicho hakihitajiki hata kidogo. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows kuanzia toleo la 8, la mwaka 2012, zina leseni yake ndani ya chipu ya ubao mama, hata zile za mtumba. Ukiweka toleo lile lile la mwanzo, ukaunganisha intaneti, inajitambua yenyewe. Tatizo ni kwamba leseni yako huenda ni ya Home, fundi kwa mazoea anaweka Pro, mashine inakataa, naye anatoa dawa yake. Mwambie aweke Home. Na kama leseni haipo kabisa, Windows isiyolipiwa itakuwekea maandishi kwenye kona ya kioo na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini inafanya kazi na inapokea marekebisho ya usalama. Bora maandishi kwenye kona. Kwa kuandika barua na mahesabu ya biashara, LibreOffice ni ya bure na ni halali.

Kusafisha wenyewe si kugumu kiasi hicho. Fungua orodha ya programu zilizowekwa, uipange kwa tarehe, utazame zilizoingia karibu na siku mambo yalipoanza. Usizozijua, toa. Ingia kwenye viendelezi vya kivinjari: vile vya kupakua video, vya kuponi, vya kubadilisha faili kuwa PDF ambavyo hukumbuki kuviweka, vyote nje. Ukiona Chrome ya nyumbani kwako inasema inasimamiwa na shirika fulani, na laptopu si ya ofisi, kuna programu imejipa usimamizi. Kagua pia arifa. Yale matangazo yanayoruka pembeni ya kioo na kusema kompyuta yako ina virusi vitano, mara nyingi hata si virusi. Ni tovuti uliyoiruhusu siku moja ikutumie arifa. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, ifute ruhusa hiyo, kelele zinakoma siku hiyo hiyo.

Kisha fungua Windows Security, nenda kwenye kinga ya virusi, uchague ukaguzi wa Defender unaoitwa offline. Mashine itajizima na kuwaka, halafu itakaguliwa kabla Windows yenyewe haijaamka, kwa hiyo mdudu hapati nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ina ukaguzi wa bure. Ipakue kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye kiungo cha juu kilichoandikwa ni tangazo. Ila usirundike antivirusi mbili zinazolinda muda wote. Zinagombana, mashine inakuwa nzito, na kinga haiongezeki.

Kwako wewe muuza madera, ambaye akaunti imeshatekwa na mdudu ameshawahi kurudi, nisingehangaika na kupekua. Futa kila kitu. Kwenye kompyuta iliyo safi, pakua chombo cha Microsoft cha kutengenezea flashi ya Windows, ukiwa na flashi tupu ya GB 8 au zaidi, na wakati wa kuiweka futa sehemu zote za diski, isibaki hata ile D ambako fundi huhifadhi vitu vyako ili visipotee. Humo ndimo mdudu wako alimolala mara ya kwanza. Vilivyo vyako ni picha, video na nyaraka. Hivyo ndivyo vya kunakili, kabla hujafuta. Programu, michezo na visakinishi vya zamani viache viende. Kabla ya kunakili, iamuru Windows ionyeshe viambishi vya majina ya mafaili, maana kilichoandikwa picha kinaweza kuwa na exe mwishoni, na picha haiishii na exe.

Sasa tuje kwenye flashi, maana hapa ndipo pwani na bara tunaumia wote. Umekwenda steshenari kuchapisha fomu ya shule ya mtoto. Umerudi, umechomeka flashi, folda zako zote zina kamshale kadogo kwenye kona, au unaona kitu kimoja tu chenye jina la flashi yenyewe. Unakibofya, folda zinafunguka kama kawaida, unashukuru Mungu. Hicho ulichobofya kilikuwa programu. Imejiweka kwenye laptopu kwanza, ndipo ikakuonyesha folda ilizokuwa imezificha. Windows iliacha zamani kuendesha yenyewe programu iliyo kwenye flashi ikichomekwa, na hata XP na Vista zilipata marekebisho hayo Februari 2011, kwa hiyo mdudu anahitaji kidole chako. Julai 2023 wachunguzi wa Mandiant, kampuni iliyo chini ya Google, walieleza kampeni ya ujasusi iliyosambaa kwa flashi ikiwa na mdudu aitwaye Sogu, anayekusanya nyaraka za Word, Excel na PDF na kuzipeleka kwa waliomtuma. Walitaja maduka ya kuchapishia na hoteli kuwa sehemu zinazoelekea kuwa vituo vya maambukizi. Kwa hiyo usimcheke mama wa steshenari mwenye kompyuta moja na wateja mia. Majasusi wakubwa wanapita hapo hapo.

Dawa yake: tuma faili kwenye barua pepe ya duka, wengi wameibandika ukutani. Usiingie kwenye akaunti yako ukitumia mashine yao, na usifungue WhatsApp yako pale, maana ukisahau kutoka, anayefuata kwenye kiti anasoma. Kama flashi ni lazima, iwe ya kazi hiyo tu, na ukirudi nayo usibofye chenye mshale. Ndani ya dirisha la amri andika attrib -h -r -s /s /d kisha herufi ya flashi yako, mfano F:\*.*, mafaili yaliyofichwa yatajitokeza, nakili nyaraka zako, flashi uifute yote.

Kuna mtego mwingine unaonitisha kuliko flashi, kwa kuwa unamnasa hata mtu makini. Unafungua tovuti, inakuomba uthibitishe kuwa wewe si roboti. Badala ya kuchagua picha za baiskeli, unaambiwa ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifuata, umebandika amri waliyokuwekea kimyakimya na umeiendesha kwa mkono wako. Mdudu aitwaye Lumma alisambazwa sana kwa njia hii. Mei 2025 Microsoft na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa walivunja sehemu kubwa ya mtandao wake. Microsoft ilisema kati ya 16 Machi na 16 Mei mwaka huo ilibaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa. Waambie na watoto: tovuti yoyote inayokufundisha kubonyeza Windows na R, funga.

Na watoto wapewe akaunti yao ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Michezo ya kuibia na vidokezo vya kupata sarafu za bure kwenye Roblox ndivyo vinavyoleta wageni mchana wakati wewe uko sokoni. Wakitaka kuweka kitu, Windows itaomba nywila yako, na nywila hiyo asipewe hata yule mkubwa mwenye maneno mazuri. Kama mashine yako bado ni ya Windows 10, ujue msaada wake ulikoma 14 Oktoba 2025, na ule wa nyongeza kwa watu wa nyumbani uliwekewa mwisho 13 Oktoba 2026. Laptopu isiyokubali Windows 11 inakubali Linux Mint, na kwa kuuza madera inatosha kabisa.

Nimebakiwa na barua moja fupi, ya mdogo wangu asiyetaka hata mji wake utajwe. Yeye anahisi jasusi ni mumewe: anajua alichoandika, anajua aliyeongea naye. Hapa nasema taratibu. Kwanza kagua, kutoka kwenye simu, vitu vya kawaida: kama WhatsApp yako imeunganishwa na kompyuta fulani, na kama Chrome ya laptopu imeingia kwa akaunti yake, maana hapo kila ukurasa unaofungua anaweza kuuona bila programu yoyote ya siri. Lakini kama ni mtu wa kukutishia au kukupiga, usifute chochote kwanza. Siku programu ya kijasusi aliyoiweka ikikatika, atajua umeigundua, na ushahidi nao utakuwa umepotea. Piga picha ya kioo kwa simu nyingine, zungumza na mtu unayemwamini mkiwa ana kwa ana, na ukiwa Tanzania, Dawati la Jinsia na Watoto lililo kwenye vituo vya polisi lipo kwa mambo kama haya. Kuingia kwenye kompyuta au mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya wana yao ya 2018. Fungua barua pepe mpya kwa kifaa ambacho hajawahi kukigusa, na mipango yako ipitie huko tu. Na ukitaka kuniandikia tena, mdogo wangu, usiniandikie ukitumia laptopu hiyo.