Mashini ya kukausha mahindi inakatala kuwaka: tuanzie wapi?



Mwezi wa tatu mvua bado inanyesha Mokambo, na mahindi ya kwanza yamekwisha kukomaa. Hapo njo mashini ya kukausha inatafutwa. Na hapo njo, mara nyingi, inakatala kuwaka. Katika koperative tunazotembelea, swali hili linarudi kila mwaka: "Tunavuta kamba mpaka mikono inauma, motere haitoe hata sauti. Tufanye nini?"

Tunasema juu ya mashini ndogo yenye sanduku la mahindi, tanuru ya kuchoma magunzi (yale yanayobaki kisha kupukuchua), na feni ya kusukuma hewa ya moto. Feni inazungushwa na motere ndogo ya esansi, ya nguvu ya farasi 5,5 hivi. Kule Kenya kuko moja inayojulikana, EasyDry M500, inayochukua kilo 500 kwa mara moja. Iwe ile, iwe iliyochomelewa na fundi wa kwetu, motere ni za namna moja na magonjwa yake ni yale yale.

Lakini kabla ya kugusa motere, tuangalie mahindi. Musipukuchue hata gunia moja kabla motere haijawaka. Tunalisema hili kwanza ju tumeona likivunjwa mara nyingi. Hindi likiwa bado kwenye gunzi, hewa inapita katikati. Likishapukuchuliwa likiwa na maji na kufungwa katika gunia, linaanza kupata joto lenyewe. Ingiza mkono ndani kisha siku moja au mbili, utasikia. Joto lile ni ukungu unaokula. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya ukungu, ile inaitwa aflatoksini. Mengi yalikuwa mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa nyumbani bila kukauka vizuri. Kupika bukari hakuiondoi sumu ile.

Basi kama mulikwisha kupukuchua na motere imekatala, mwageni mahindi juu ya bashi chini ya paa, yasipite unene wa vidole vitatu, watu wayageuze mara kwa mara, usiku pia. Hapo sasa munaweza kumtengeneza mgonjwa wenu kwa utulivu.

Sisi wenyewe tulishaaibika mbele ya watu. Jioni moja, magunia kumi na mawili yamepukuchuliwa, bamama wamekaa wanangoja, motere kimya. Tukabadilisha buji (ile inayotoa cheche). Kimya. Tukafungua kabureta, tukaisafisha, tukarudisha. Kimya. Saa mbili zimepita, mama mmoja mzee akauliza kwa nini mashini imeinama. Kweli, gurudumu moja lilikuwa limezama katika udongo. Motere nyingi za namna hii ziko na kifaa kidogo ndani kinachopima oili: oili ikiwa chini, kinakata cheche ili motere isiungue. Mashini ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja na kifaa kinafikiri haiko. Tukaiweka sawa juu ya ubao, tukavuta kamba mara mbili, ikawaka. Tangu siku ile tunaanza na vile vya bure: mashini iko sawa? Oili iko mpaka mdomo wa tundu lake? Kitufe cha kuwasha kiko upande wa kuwaka? Robinet ya esansi imefunguliwa? Mutacheka, lakini kitufe peke yake kimetutembeza kilomita nyingi.

Kama hayo yote ni mazuri, toa buji na uiangalie. Buji itawaambia njia ya kufuata.

Ikiwa kavu kabisa, kisha kuvuta kamba mara sita au saba, esansi haifiki. Usihangaike na cheche. Fuata njia ya esansi kutoka juu kwenda chini: tangi, robinet, kikombe kidogo chini ya robinet ambamo maji na uchafu vinatulia, halafu bakuli ya kabureta. Esansi ya chupa tunayonunua barabarani, mara nyingi iko na maji ndani. Mimina kidogo katika glasi na ungoje: maji yatakaa chini, utaona mstari. Ukikuta ndani ya bakuli kitu kama asali, chenye harufu ya rangi ya nyumba, hiyo ni esansi ya mwaka jana iliyolala humo na kuganda. Katikati ya kabureta kuko msumari wa shaba wenye tundu dogo kama la uzi, na tundu lile njo linalozibwa kwanza. Lioshe kwa esansi mupya, upulize, na kama inakatala, pitisha uzi mmoja mwembamba wa ndani ya kamba ya umeme. Sindano hapana: sindano inapanua tundu, na motere itakunywa esansi mpaka mutauza mbuzi.

Ikiwa buji imelowa esansi, basi esansi inafika lakini moto haupatikani. Pengine mumevuta sana na starteri imefungwa. Kausha buji, fungua starteri, vuta kamba mara chache bila buji ili ile esansi ya ziada itoke, halafu rudisha. Ikiwa bado, tafuta cheche.

Hapa tunaomba muwe waangalifu. Funga robinet, panguza esansi iliyomwagika, na tanuru iwe imezimika kabisa. Chomeka buji katika kofia yake, chuma chake kiguse chuma cha motere, mbali na tundu ulimoitoa, maana mvuke wa esansi unatoka pale na cheche inaweza kuuwasha usoni mwako. Mwingine avute kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ya manjano na dhaifu, au hakuna: safisha buji, nafasi kati ya ncha zake iwe milimita 0,7 hadi 0,8, au jaribu buji mupya. Bado hakuna? Chomoa waya unaotoka kwenye kitufe cha kuzimia. Cheche ikirudi, kitufe ndicho kilichokufa, na hicho ni cha bei ndogo. Fanya vile vile na waya wa kile kifaa cha oili, lakini hakikisha kwanza oili imejaa. Kama hata hivyo hakuna kitu, inabaki bobini, na hapo muite fundi. Bobini musinunue kwa kubahatisha, kama wengi wanavyofanya siku ya kwanza.

Tanuru haina siri nyingi. Magunzi yawe makavu, feni itangulie kuzunguka ndipo muwashe, na motere isikae ndani ya depo iliyofungwa, ju moshi wake unaua bila harufu kali. Mahindi ya mbegu yasipite joto la digrii 43, la sivyo hayataota. Kujua kama yamekauka, weka konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya glasi, tikisa, ngoja dakika chache: chumvi ikishika ukutani, bado kuko maji mengi. Ikianguka yote chini, yako karibu, lakini ya kuweka miezi mingi yashuke mpaka 13 kwa mia.

Kwa maoni yetu, motere hizi haziharibiki sana kwa kazi. Zinafanya kazi wiki sita, halafu zinalala miezi kumi na esansi tumboni, na huko kulala njo kunaziharibu. Kwa hiyo siku ya mwisho ya msimu, funga robinet na uache motere iwake mpaka izime yenyewe. Fungua msumari wa chini ya bakuli ya kabureta, itoke iliyobaki, na tangi pia. Toa buji, tia kijiko cha oili safi katika tundu, vuta kamba polepole mara mbili, rudisha buji. Tundu la moshi lizibe kwa kitambaa, maana manyigu wanapenda sana kujenga humo. Kitambaa kiwe chekundu na mkia mrefu uning'inie nje, ili atakayekuja mwezi wa tatu akione kabla ya kushika kamba.