Paka, Kapu na Mlango wa Dharura

Kwenye meza za samaki za Darajani, Zanzibar, paka hangoji kuitwa. Mchuuzi anapara changu, anatupa matamvua chini, na kabla hajafuta kisu paka watatu wameshafika. Hawana mwenyewe mmoja. Anayehama Mkunazini kwenda Bububu humwachia jirani paka wake, na jirani naye akihama, soko lipo.

London hakuna soko la kumlea. Tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria ya England inamtaka mwenye paka wa kufuga amtie chipu chini ya ngozi kabla hajatimiza wiki 20. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Mzanzibari aliyechukua paka huko amechukua dhamana yenye jina lake na namba yake ya simu. Siku nyumba ikimtoka, wanatoka wawili.

Mlango wa kwanza kubishwa huwa wa ndugu au wa mtu wa kwao, na kochi la ukumbini ndilo hifadhi ya haraka kuliko zote. Paka hupokelewa bila maneno. Mbwa ni jambo jingine: nyumba nyingi za Wazanzibari hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenyeji anayemkataa mbwa hajamkataa mgeni. Ni vyema aulizwe mapema, asishtukizwe saa sita za usiku.

Linaloumiza zaidi ni la mwanamke anayepigwa nyumbani. Mumewe humtishia kwa mnyama wake: ukiondoka, utamkuta amekufa. Naye anabaki. Nyumba nyingi za hifadhi za Uingereza hazipokei wanyama, na hapo wengi hudhani njia imekwisha. Haijaisha. Shirika la Dogs Trust lina mpango wa Freedom kwa mbwa, la Cats Protection lina Lifeline kwa paka: watu wa kujitolea humlea mnyama bila malipo, kwa siri, mpaka mwenyewe apate pa kukaa. Simu ya shirika la Refuge, 0808 2000 247, ni bure saa 24, na mkalimani anaweza kuombwa. Mnyama atajwe mwanzo kabisa wa mazungumzo, asifichwe kwa haya. Hatari ikishafika, ni 999.

Halmashauri nayo ina wajibu kwa asiye na makazi, na mwongozo wa serikali unaitaka itambue uzito wa mnyama kwa mwenyewe, hasa kwa wazee na wanaolala nje. Hiyo si ahadi. Chumba cha muda kinaweza kukataza paka. Mwenye viza inayomzuia kutumia fedha za umma kwa kawaida hapewi hata chumba hicho. Amwone mshauri wa uhamiaji haraka, kwani baadhi ya viza za ndoa zina njia maalumu kwa waliodhulumiwa.

Matayarisho ni ya siku za amani. Chipu isajiliwe kwa jina la anayemlea paka, na kadi ya chanjo ikae na pasipoti. Kapu la kumbebea lisifichwe stoo. Liwe kitanda chake cha kila siku, mlango wazi, hata anayeliona asishuku safari. Paka aliyezoea kulala humo haendi kujibana uvunguni mwa kitanda wakati kila dakika ina thamani. Ndani itandikwe kanga iliyolaliwa, isiyofuliwa: harufu anayoijua humtuliza kwenye basi la usiku.